Parapanda Ndani ya Pipa

Jirani aliyehamia chumba cha tatu aliponiuliza mti wangu unaitwaje, nilimjibu, "Ni ua tu, mama. Nimetoka nalo kwetu Lushoto." Akasema ni zuri, akaendelea kuanika nguo. Wiki tatu baadaye natoka kazini jioni, namkuta binti yake wa miaka minne ameketi kizingitini. Ameokota ua lililoanguka, amelishika kwa mikono miwili, ncha yake nyembamba iko mdomoni. Anapuliza.

Sikumbuki mkoba niliuweka wapi. Nakumbuka kidole changu kikimpangusa midomo na ulimi, maji ya ndoo, na mama yake akitoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mtoto hakuwa ametafuna. Tulimpeleka zahanati hata hivyo, wakamkalisha mpaka saa nne usiku, wakimwangalia mboni za macho na mapigo ya moyo. Hakupatwa na kitu. Tukiwa njiani kurudi mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Bibi yangu alinifundisha kabla sijaanza shule.

Kule kwetu Usambara mti huu unaota kandokando ya mito na kwenye mipaka ya mashamba. Maua yake ni meupe, marefu karibu sentimita 30, yananing'inia mdomo chini kama kengele. Bibi aliyaita parapanda, ile itakayolia siku ya mwisho, na alitukataza kuyachezea. Hakutueleza kwa nini. Alisema tu, "Ukiligusa, mikono mtoni." Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba wenye bustani duniani wanayaita tarumbeta za malaika, na kwamba jina lake la kitaalamu ni Brugmansia, kwa heshima ya Sebald Justinus Brugmans, mwanasayansi wa Uholanzi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes na kusini mashariki mwa Brazili. Huu wetu wa maua meupe ni Brugmansia suaveolens, ule wa Brazili. Jambo moja lilinigusa sana nilipolisoma: aina zote za jamii hii zimeorodheshwa kuwa zimetoweka porini katika nchi zao za asili. Zimebaki kwenye bustani, nyua na mipaka ya watu, kwa sababu kizazi baada ya kizazi kuna mtu aliyekata tawi akalipanda. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba, kwa kuwa mti huu una sumu, dawa yake ni kuung'oa popote unapoonekana. Lakini anayeupanda amebeba dhamana, na mimi ile dhamana sikuibeba ipasavyo.

Nilihamia Dar es Salaam kufundisha, nikapanga Tabata kwenye nyumba ya wapangaji watano. Uwanja karibu wote umesakafiwa kwa saruji. Mwaka wa pili nilirudi nyumbani likizo ya Juni, nikakata matawi mawili kwenye mpaka wa bibi, unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri moja na nusu. Nikayafunga kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba, yakashuka nami kona za Soni mpaka Mombo, kisha Segera, Chalinze, Dar. Mti huu hauhitaji ufundi kuotesha. Yale matawi niliyasimamisha kwenye glasi ya maji dirishani, baada ya siku kumi yakatoa vichomozi vyeupe vya mizizi, nikayahamishia kwenye kopo.

Tofauti ya matawi yale mawili nilichelewa kuielewa. Moja lilichanua likiwa usawa wa kiuno changu. Jingine lilipanda, likapanda, likapita dirisha, halina hata kitumba. Sababu iko kwenye panda. Mti huu ukitoka ardhini huenda na shina moja tu, wima, mpaka utakapogawanyika kama manati. Pale kwenye panda ya kwanza ndipo unapobaleghe, na maua hutoka juu ya panda tu, kila mgawanyiko na ua lake. Ukikata tawi juu ya panda, linakumbuka umri wake, litachanua mapema likiwa fupi. Ukikata chini ya panda, umeanza na mtoto, atarefuka kwanza. Kwa anayepanda kwenye chombo hili ni jambo kubwa, maana mti mrefu ndani ya ndoo huanguka. Ukitaka kujua tawi limetoka wapi, geuza jani utazame linapokutana na kikonyo chake. Majani ya juu ya panda yana mabega yasiyolingana, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ya chini mabega yako sawa.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa ndoo ya rangi ya lita 20. Nilitoboa matundu manne, nikaona nimemaliza. Kwa miezi mitano mti ulipendeza, kisha ukaanza kulegea kila siku saa tano asubuhi hata kama nimeumwagilia alfajiri. Nilipouchomoa nikakuta mizizi imezunguka ndani ya ndoo kama ukili wa mkeka, udongo karibu hakuna. Mti huu una majani mapana na laini, unapoteza maji mengi kwa siku, na kwa njaa sijaona wa kulinganisha nao. Sasa uko kwenye nusu ya pipa la lita 200. Pipa lenyewe nilihakikisha lilibeba mafuta ya kula. Mapipa ya kemikali yanauzwa bei rahisi lakini usiyaguse. Lilikuwa la bluu iliyokolea, na jua la Januari lilipolipiga ubavuni, mizizi ya upande ule ikaungua. Nikalipaka chokaa kwa nje, nikalisogeza upande wa mashariki wa nyumba lipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Chini nimeweka matofali matatu ili maji yatoke. Udongo ni mchanganyiko wa mboji, samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa, na mchanga kidogo, na juu nimetandaza makumbi ya nazi kuzuia maji yasikauke haraka.

Joto la Dar si joto la Lushoto. Kwetu ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba tunaota moto jikoni. Hapa, kuanzia Desemba mpaka Machi, mti unaishi lakini hauna furaha. Vitumba vinatoka, vinapevuka nusu, vinadondoka. Mwaka wa kwanza nilidhani una ugonjwa, nikaumwagia dawa ambayo haukuihitaji. Nilipoacha na kusubiri, Juni ikaingia, usiku ukashuka hadi karibu nyuzi 19, na mti ukafungua maua 17 kwa mpigo mmoja. Harufu yake haipo mchana. Huanza magharibi inapokaribia, inazidi giza likiingia, kwa sababu wageni wake ni nondo wanaoruka usiku. Wapangaji wote walitoka na vigoda. Usiku ule ndio unaonifanya niendelee nao mpaka leo. Lakini maua hayo usiyalaze chumbani. Nililaza mawili kwenye beseni karibu na kitanda, nikaamka na kichwa kizito, nikayatoa nje.

Maji ni somo refu, nitasema yaliyonigharimu. Wakati wa kiangazi napiga ndoo asubuhi na nusu ndoo jioni. Mchana majani yakilegea natia kidole kwanza: udongo ukiwa na unyevu nauacha, jioni utajiinua wenyewe. Zamani nilikuwa namwagilia kila nilipoona umelegea, nikakaribia kuuozesha. Pia nilikuwa naweka sahani pana chini ya pipa ijae maji, mpaka nikaona viluwiluwi vya mbu ndani yake. Jiji hili limepigwa na homa ya dengue zaidi ya mara moja, na mbu wake huzaliana humohumo kwenye visahani na makopo. Sahani nikaitupa. Halafu kuna maji ya visima vyetu vya kuchimba, ambayo mengi yana chumvi. Kingo za majani zilianza kukauka rangi ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto, na sikuelewa mpaka nilipoyaonja yale maji. Sasa nakinga mvua kwenye simtanki dogo, na ya kisima nayatumia ikibidi, nikifuata na maji mengi ya bomba ili chumvi ishuke.

Mbolea natia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, NPK kijiko kimoja cha chakula ndani ya ndoo ya maji. Kuna msimu nilitia urea, nikapata majani kama masikio ya tembo na ua hata moja hakuna. Wadudu ni utitiri mwekundu wakati wa ukavu na nzi weupe wakati wote. Wote wawili nawashinda kwa kupiga maji ya nguvu chini ya majani na kunyunyizia maji ya sabuni jioni.

Sasa nirudi kwenye sumu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mti huu ni ndugu wa nyanya, biringanya, tumbaku na mnavu, na ndugu yake wa karibu zaidi ni mranaha, ule unaoota jalalani wenye tunda la miiba na ua linalotazama juu. Kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, mbegu, mzizi, utomvu, hata maji matamu ndani ya ua. Sumu zenyewe ni skopolamini, hiosiamini na atropini. Nyumba zetu zinakula mboga za mnavu na mchicha kila siku, na jani changa la jamii hii halijiandiki jina. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na watano wakafariki kwa kula unga wa msaada uliochanganyika na mbegu za mranaha. Mbegu zile hazikuwekwa na mtu mbaya. Zilivunwa pamoja na zao.

Mimi ulinipata kwa jasho. Ilikuwa Jumamosi, napogoa. Matawi yako juu ya kichwa, nakata kwa kisu, utomvu unachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mikono ilikuwa mitupu. Jua kali, nikajifuta jicho la kushoto kwa kiganja. Sikusikia maumivu hata kidogo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Baada ya saa moja hivi nikashika daftari la mwanafunzi nisahihishe, mistari ikawa ukungu. Mwanga wa dirisha ukawa unachoma. Kwenye kioo nikaona mboni ya kulia iko kawaida, ya kushoto imepanuka mpaka rangi ya jicho imebaki uzi mwembamba.

Kwenye zahanati mganga aliniuliza kama nimeanguka, kama nimepigwa kichwani, kama nina shinikizo la damu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mboni moja ikipanuka ghafla peke yake inaweza kuwa dalili ya damu kuvuja ndani ya fuvu, na daktari hawezi kukaa akisubiri. Akaniandikia rufaa ya kupigwa picha ya kichwa. Nilipanda bodaboda nikiwa nimeshakata tamaa, nimempigia mama Lushoto kumwambia awaombe ndugu waniombee. Hospitalini, kabla ya kufika kwenye mashine, daktari wa macho akanishika kidevu, akanimulika, akauliza kwa utulivu, "Leo asubuhi umeshika mmea gani?"

Nilimweleza. Akaniambia atropini ndiyo ileile ambayo wao wenyewe huitumia kwa matone kupanua mboni, na hospitali huiweka tayari kuokoa watu waliokunywa dawa za kuulia wadudu mashambani. Akaniosha jicho kwa maji mengi, akaniambia nivae miwani ya jua na nirudi likibadilika. Siku ya tano mboni zikalingana. Ningelisema neno moja pale zahanati, "nilikuwa nakata parapanda," ningeokoa siku nzima ya hofu. Sikulisema kwa sababu halikunijia akilini kwamba ua na jicho vina uhusiano.

Tangu hapo napogoa kwa glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo na miwani usoni, tena asubuhi kabla sijaanza kutoka jasho. Leso ya kujifutia iko begani, na nikitaka kujikuna namwita mtu anikune. Nikimaliza naosha glavu zikiwa bado mikononi, kisha mikono, kisha kisu, na kisu hicho hakiingii jikoni kwa sababu yoyote. Matawi nayafukia kwenye shimo mbali na tuta la mchicha. Siyachomi, moshi wake una sumu ileile. Siyatupi bondeni wala mtoni, kwa sababu kipande kilichovunjika kikikaa kwenye tope huota. Naamini nusu ya miti ya kando ya mito kule kwetu ilianza kwa tawi lililotupwa. Mbuzi wa nyumba ya nyuma wamewekewa wavu. Mbegu zimeninusuru: mti huu hauwezi kujichavusha wenyewe, unahitaji mwenzake wa mbegu tofauti, na miaka yote hii sijaona tunda.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye maelezo ya bustani za Ulaya, kinatuhusu sisi. Mtu aliyekula mmea huu mdomo unamkauka, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto bila jasho, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma kutoka. Kisha anaanza kuweweseka. Anazungumza na watu wasiokuwepo, anaokota vitu hewani, hawatambui wa nyumbani. Katika uwanja wetu mtoto akiwa hivyo, wa kwanza atasema malaria imempanda kichwani, wa pili atasema ni mapepo, na saa zitaishia kwenye dawa ya homa au kwenye maombi. Sikatazi mtu kuomba. Mimi mwenyewe niliomba. Lakini aombe wakiwa ndani ya bajaji kwenda hospitali, na mkononi ashike tawi lenye majani na ua, amwonyeshe daktari. Tawi hilo lina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Msimtapishe, msimpe maziwa mkakaa kusubiri.

Ndiyo sababu lile swali la mama wa chumba cha tatu lilinichoma. Sumu ningeweza kuizuia kwa glavu. Nililomnyima ni jina. Kesho yake niligonga kila mlango, "Hodi, shikamoo," kuanzia kwa bibi wa chumba cha kwanza, nikawaita wote mpaka kwenye pipa. Nikasema: huu ni parapanda, ni ndugu wa mranaha, una sumu, haupulizwi, hauliwi, hauchezewi, na ukigusa nawa mikono. Nikawaambia pia kwamba akisema mmoja tu kwamba hautaki, unarudi Lushoto. Bibi akasema kwao Tanga mranaha wanaufahamu, akatusimulia aliyoyaona utotoni mpaka hakuna mtoto aliyetaka kusogea. Mama wa chumba cha tatu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema ubaki, ila uhamishwe pasipo na watoto.

Ukahamia nyuma ya tangi la maji, ndani ya uzio wa nondo wenye mlango na kufuli. Tulilisogeza pipa wanaume watatu na mimi, juu ya vipande vya bomba, na tawi moja likavunjika. Kila alfajiri kabla ya uji naingia na glavu kuokota maua yaliyodondoka usiku, kwa sababu yakilala chini upepo unayapitisha kwenye nondo. Kwenye pipa nimeandika kwa rangi nyekundu SUMU, na chini yake majina yote mawili, la bibi na la kitaalamu, ili hata kama sipo daktari akipigiwa simu kuwe na kitu cha kumsomea.

Watu wananiomba matawi, hasa wakija usiku wa Julai. Nauliza kwanza nani anaishi pale. Kaka mmoja wa Kibaha mwenye uwanja mpana na watoto waliokwisha kukua nilimpa, nikamwonyesha panda ilipo, nikamtajia jina mara tatu akarudia. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliyefungua chekechea akaniomba matawi kumi ya kupanda kwenye uzio, watoto wafurahie rangi na harufu. Nilimwambia hapana, dada, siwezi. Alinuna siku mbili. Jumamosi nikapanda daladala na miche minne ya asumini kwenye kikapu, tukaipanda pamoja pembeni mwa geti, na mmoja tayari umeshika.